Konsati Iliyowashwa na Baiskeli za Boda

Sisi tuliokulia Busia, mpakani upande wa Uganda, wakati boda ilikuwa bado baiskeli tunatambuana hata tukikutana mbali. Mimi nimehamahama sana. Nimepanga vyumba Jinja, Kisumu, Eldoret, hata Juba, na kila mahali sikosi kumkuta mtu mmoja ambaye akisikia kengele ya baiskeli nyuma yake anaruka pembeni ya njia kabla hajageuka kutazama. Namwuliza, "Wewe ni wa mpakani?" Anacheka. Basi maongezi yanaanza, na chai inapoa mezani.

Boda ya siku zile ilikuwa baiskeli nyeusi, ndefu, yenye kiti cha sponji nyuma kilichoshonewa kitambaa chenye nyuzi za kuning'inia. Ulikaa upande, magoti pamoja kama msichana aliyelelewa, mzigo wa mama mapajani, na yule bwana akakukanyagia kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya huku akikupa habari za watu wote wa njiani. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama na muhogo uliotiwa ukwaju, ule unaokufanya ufumbe jicho moja. Mapumziko tulicheza mpira wa kukwepa, ule wa soksi zilizojazwa matambara. Sisi tuliuita kwepena, binamu zetu wa ng'ambo wakauita kati, na ugomvi wa jina ulikula muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Mama akitoka sokoni alituletea peremende za Kenya, zilizofungwa kwa karatasi laini ya rangi inayopitisha mwanga. Peremende yenyewe iliisha upesi. Karatasi ndiyo iliyodumu. Tuliinyoosha kwa ukucha, tukaiweka jichoni na kuitazama dunia: ng'ombe mwekundu, mwalimu wa kijani, kanisa la manjano. Siku hizi mtoto ana rangi zote za dunia ndani ya simu na bado anakwambia amechoshwa.

Aliyekuwa na karatasi nyingi kuliko sote ni Awori, niliyekaa naye dawati moja darasa la sita. Alipata homa angali mdogo, na tangu hapo miguu yake haikuweza kumbeba. Kila asubuhi kaka yake mkubwa, Ouma, alimleta shuleni kwa boda yake kabla hajaanza kutafuta abiria, akambeba mgongoni mpaka kwenye dawati, na jioni akamfuata. Kwetu jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kengele ya shule. Hatukufikiri kwamba linaweza kwisha.

Muhula wa pili Ouma akapata kazi ya utanboi, yaani kumsaidia dereva, kwenye lori la masafa marefu. Vijana wote wa mpakani waliitamani kazi hiyo, na hakuna aliyeweza kumwambia aiache. Lakini Awori angefikaje shuleni? Mama yao, aliyeuza karanga sokoni, alilisema jambo hilo mbele yetu bila hasira yoyote. "Utabaki na mimi, tuchambue karanga. Jina lako unajua kuandika. Wengine hata hilo hawajui." Awori aliendelea kunyoosha karatasi yake juu ya goti.

Mwalimu Ofwono, aliyetufundisha muziki, hakukubali. Alisema tutafanya konsati ya hisani tumpatie Awori baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayokanyagwa kwa mikono, ambayo watu wengi wenye miguu kama yake waliitumia kuvusha mizigo mpakani. Mwenye pesa angetoa pesa mlangoni. Asiye nazo angeleta debe la mahindi, kuku, au chochote kinachouzika. Siku iliyokuwapo ilikuwa Jumamosi moja tu, kwa sababu wiki iliyofuata Ouma alikuwa anaondoka.

Ubaya ni kwamba Jumamosi mchana ilikuwa na mwenyewe. Ng'ambo kulikuwa na ukumbi wa disko la mchana, na ndani yake, kwa maneno ya waliokwisha kuingia, taa zilitembea ukutani, zikapanda dari, zikakupitia usoni. Tulipokwenda kutangaza konsati yetu sokoni, kijana mmoja muuza kanda alituuliza, "Taa iko?"

"Iko karabai ya mwalimu mkuu."

"Inatembea?"

Tukatikisa vichwa.

"Sasa mimi nakuja kuona nini? Nyinyi nasimama pale kama mahindi, naimba, nakwenda nyumbani."

Wenzake wakacheka, na ukweli ni kwamba hata sisi tuliona ana haki. Tulirudi shuleni vichwa chini. Shule haikuwa na umeme. Ukumbi wetu ulikuwa jengo la kanisa lenye madirisha makubwa, na konsati ingekuwa saa nane mchana, jua likiwaka.

Ni Awori aliyesema. "Mwalimu, mimi nikikaa nyuma ya Ouma kazi yangu ni kuangalia gurudumu. Siku moja nilibandika karatasi zangu kwenye spoki. Jua lilipopita, rangi zikawa zinakimbia chini barabarani. Na ile dainamo yake, akikanyaga, inawasha taa. Si tuviweke pamoja?"

Mwalimu Ofwono alimtazama. "Hebu sema tena, pole pole."

Akasema tena. Jioni ile ile mwalimu alikwenda kwenye steji ya boda, pale wanaposubiri abiria, sisi nyuma yake. Mwenyekiti wa steji alikuwa Wandera, mtu mwenye mdomo usiojua pumziko. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka tukanyage lakini tusiende popote?"

"Ndiyo."

"Abiria ni nani?"

"Hakuna abiria."

Wandera akawageukia wenzake. "Mmesikia? Leo tumepata safari ya kwenda hakuna. Hii hata polisi hawawezi kutusimamisha." Walipomaliza kucheka alishika bega la Ouma. "Mwalimu, huyo Awori ni mtoto wa steji hii. Tutakuja."

Wiki ile nzima watoto wa Busia walikula peremende kwa jina la hisani. Wazazi wetu hawakuwahi kuona hisani ya namna hiyo. Tulibandika karatasi kwenye spoki kwa uji mzito wa muhogo, na mara ya kwanza tukaziacha baiskeli zikauke juani. Tuliporudi tulikuta kuku wa kasisi wameudonoa ule uji wote, na karatasi zimetapakaa uwanjani. Tukaanza upya, safari hii mmoja wetu akishika fimbo. Kila taa ilifunguliwa kwenye usukani, ikafungwa kwenye kijiti ubavuni mwa keria, ikitazama jukwaa kupitia gurudumu la nyuma. Baiskeli zilisimama kwa stendi, gurudumu likiwa hewani. Ouma alipojaribu kukanyaga, doa jekundu liliteleza ukutani, likafuatwa na la kijani, likafuatwa na la manjano. Mwalimu Ofwono alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Jumamosi ilipofika tuliziba madirisha kwa magunia na mablanketi ya nyumbani. Joto la mle ndani nitalikumbuka mpaka kaburini: harufu ya vumbi la mahindi, jasho, na mafuta ya cheni. Baiskeli sita zilipangwa, tatu kila upande, na wenyewe wamevaa mashati ya kanisani. Nilichungulia kutoka nyuma ya pazia. Nusu ya viti vilikuwa vitupu. Waliokuwapo walikuwa wazazi, masista, na bibi wachache waliokuja na vifaranga kwenye vikapu. Mama yake Awori alikaa mstari wa mbele, akihesabu viti kwa macho. Nilijua anachofikiri. Karanga zilikuwa zinamsubiri Awori nyumbani.

Tuliimba, tukacheza ngoma, na madoa ya rangi yakatupitia mwilini. Wimbo ukikaza, watu wa boda walikaza nao, na taa zikang'aa. Wimbo ukilegea, walipumua, na mwanga ukafifia wenyewe. Hakuna aliyewafundisha. Ikafika zamu ya Awori. Aliletwa na kiti chake katikati ya jukwaa, akaanza wimbo wa bibi yake wa kupura wimbi, yaani ulezi, bila ngoma, sauti yake peke yake. Ukumbi ukatulia hata vifaranga tukawasikia.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipopita nje, gunia la vitunguu kichwani, anawahi gari la Tororo, akapaza sauti kama ambavyo kila mtu wa Busia hupaza: "Boda!"

Sijui niseme watu wa boda waliondoka na baiskeli, au baiskeli ziliondoka nao. Kabla neno halijaisha, stendi tatu za upande wa kushoto zilikuwa zimepigwa teke, na wanaume watatu wanashindana mlangoni, kila mmoja anasema, "Mama, huku, panda twende." Wa kwanza akampata. Wale wawili waliokosa wakamfuata kwenda stendi ya magari kuangalia kama kuna abiria wengine. Upande mzima wa jukwaa ukawa giza.

Watu walicheka mpaka mablanketi yakatikisika. Mwalimu Ofwono aliweka mikono kichwani. Wandera, aliyekuwa upande wa kulia, alisema huku akiendelea kukanyaga, "Samahani, Mwalimu. Mtu akiita boda, miguu inasikia kabla ya masikio. Hata mimi nimejishika."

Awori hakunyamaza. Nusu yake ilikuwa gizani, nusu ina rangi, naye akaendelea kupura wimbi lake. Ouma alikuwa amekaza meno, shati limelowa, anakanyaga kama anayepanda kilima cha Tororo na abiria wawili. Nilimwona mama yao anamtazama Ouma, kisha Awori, kisha Ouma tena, na hakuhesabu viti tena.

Ambacho hatukujua ni kilichokuwa kikitokea nje. Wale watatu walikuwa wamepita katikati ya soko, juani, magurudumu yao yanamwaga rangi juu ya vumbi. Watoto wakawakimbilia. Vijana waliopanga mstari kwenda ng'ambo wakauliza, "Baiskeli yako imevaa nini?" Nao, kwa kuwa hakuna mtu wa boda asiye na maneno, wakaeleza. Waliporudi hawakurudi peke yao. Kila keria ilikuwa na mtu, na nyuma yao likaja kundi zima kwa miguu. Yule muuza kanda alikuwamo. Mama wa vitunguu pia alikuwamo, kwa sababu gari la Tororo lilikwisha ondoka, na aliliacha gunia lake mlangoni akisema, "Chukueni nusu. Si mimi niliyezima taa?"

Viti vikajaa, watu wakasimama, wengine wakakaa juu ya madebe ya mahindi waliyoyaleta wenyewe. Mwalimu alimwomba Awori aimbe tena tangu mwanzo. Safari hii Wandera aliweka mtu mlangoni, kazi yake ni kumnyamazisha yeyote anayetaka kuita boda.

Kwa mapato ya siku ile, mchomeleaji wa mpakani aliiunda ile baiskeli ya magurudumu matatu. Watu wa steji walitoa cheni na magurudumu, na gurudumu moja lilikuja na karatasi nyekundu iliyogoma kubanduka kwenye spoki. Ouma alipanda lori lake siku aliyopangiwa. Jumatatu iliyofuata Awori aliingia geti la shule mwenyewe, akizungusha mikono, na sisi tukagombania nani amsukume, ingawa hakuhitaji kusukumwa. Karanga mama yake alizichambua peke yake, akiimba.

Nilirudi nyumbani juzi, kama ninavyorudi kila nikichoka na vyumba vya kupanga. Mpwa wangu anasoma Tororo, na shule yao nayo ilikuwa na konsati ya hisani. Nilikwenda na Awori. Sasa ana duka la mafuta ya kupikia karibu na geti, na watu wa magurudumu matatu wanaomvushia mizigo ni waajiriwa wake. Taa zilikuwa zimekodiwa kutoka Mbale. Zilikuwa na shingo, zinainama, zinageuka, zinafuka moshi. Nilimwuliza mpwa wangu anayeziendesha yuko wapi.

"Anti, zinajiendesha. Ziko kwa simu."

"Na zikichoka?"

Alinitazama kwa huruma, kisha akarudi kwenye simu yake, ambako alikuwa akiitazama konsati ile ile iliyokuwa mbele yake.

Nisiseme uongo, zilikuwa nzuri. Watoto waliimba vizuri, na nilifurahi kwamba hakuna aliyelowa jasho. Lakini katikati ya wimbo mmoja wa taratibu, mtu fulani nje ya uzio akapaza sauti, "Boda!" Pikipiki ikaunguruma mahali fulani barabarani. Mimi na Awori tuligeuka pamoja, bila kuambizana, kutazama zile taa.

Hakuna hata moja iliyoondoka.