Hasira ya Bati

Likizo ile mama aliamua kwamba mdomo wangu unahitaji kazi. Akanipeleka Nzuguni, kwenye karakana ya mjomba, kaka yake, fundi wa kuunda mabodi ya magari. Nikatoka kwenye shule yenye uzio nikaingia kwenye karakana yenye geti. Tofauti yake ni kwamba shuleni kuna kengele ya kutoka.

Mjomba akanipa uandishi, kwa kuwa eti mimi ndiye msomi. Kazi iliyokuwepo ni bodi la gari la kusambaza mikate, na lilitakiwa liwe la mabati ya alumini. Akanieleza kwamba huwezi kuagiza "alumini" tu, kama usivyoweza kwenda dukani ukaomba "nguo". Unataja aina ya aloi, yaani imechanganywa na nini, kisha unene, vipimo, na ugumu. Kuna bati laini linalokunjika kama karatasi, na kuna kavu linalopasuka ukilikunja. Letu lilikuwa la katikati. Akaandika yote ubaoni kwa chaki, aloi 5052, ugumu H32, na milimita zake, akaniambia nihamishie kwenye fomu ya wauzaji wa Dar.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nilijaza kwa adabu mpaka nikafika kwenye kisanduku kilichoandikwa Temper. Sasa jamani, naulizwa hasira ya bati? Nikaandika: Mpole. H32 ikabaki ubaoni. Nikapiga picha, nikatuma, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake simu ya mjomba ikaita, mwenyewe yuko uvunguni mwa lori. Nikapokea. Alikuwa dada wa mauzo, anauliza kama mpole maana yake ni lile laini kabisa. Nikaikaza sauti iwe nzito kama ya mjomba.

"Mpole kabisa, binti yangu. Halijawahi kugombana na mtu."

Akacheka, akashukuru. Nami nikasahau.

Mabati yalipofika tukaanza kupiga riveti, zile pini za kuunganishia bati. Mjomba alikuwa nje na nyundo, mimi ndani ya bodi nikigandamiza kipande cha chuma upande wa pili. Milango ya nyuma aliifunga isichezecheze, na komeo lake liko nje. Humo ndani jua la Dodoma lilikuwa limehamia na familia yake. Mikate ingeiva humo humo.

Riveti ya tatu, bati likabonyea kama andazi lililokaliwa. Nyundo ikanyamaza. Kupitia tundu la riveti nikaliona shati la mjomba, kisha nikaona bati likivimba kuelekea kwangu: alikuwa analijaribu kwa kidole gumba.

Akampigia yule dada, simu kaiweka sauti ya nje kwa sababu ya grisi mikononi. Dada akasema aliuliza, na mjomba mwenyewe akamjibu. Mjomba akakataa: hajawahi kuongea naye. Akaomba apewe bosi.

"Baba, naomba usimwambie bosi," dada akasema, sauti imeshuka. "Nina wiki ya tatu tu hapa. Lakini nilikupigia, haki ya Mungu."

Mimi sijawahi kukosa neno. Mwalimu wa nidhamu ni shahidi. Siku ile nilisimama na kile chuma mkononi, jasho linanichuruzika mpaka kwenye soksi, na sikuwa na hata utani mmoja. Ningenyamaza, nani angejua? Yeye tu, ambaye angeonekana mwongo.

Nikagonga bati.

"Mjomba, aliyepokea ni mimi."

Mjomba akasema, polepole, "Mjibu kwa ile sauti uliyomjibia."

"Mjomba, samahani…"

"Anasikiliza."

Basi nikaikaza sauti, nikamwigiza mjomba mbele ya mjomba: mpole kabisa, binti yangu, halijawahi kugombana na mtu. Hakucheka mtu. Nilisikia dada akishusha pumzi.

"Ndiyo huyo," akasema.

Mjomba akamwomba radhi, akamwita mwanangu, kisha akaanza kuagiza upya kwa mdomo wake, tarakimu moja moja, naye dada akizirudia. Alipofika kwenye ugumu alipandisha sauti ili inifikie na mimi humo ndani.

"Temper," akasema, "H thelathini na mbili."

Akakata simu, akaenda kunywa chai. Komeo hakuligusa.