Namba Tisa za Mama Sentimita

Kwa miaka thelathini na moja alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, tepu ikiwa shingoni kutwa nzima. Hata sokoni alienda nayo kwa kusahau, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Sentimita. Mdomo wake ulikuwa mwepesi. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, alijibiwa papo hapo, "Kitambaa hakikukosea, mwanangu. Ni wewe umeongezeka."

Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa kazini. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao. Binti yake wa pekee, karani wa mapokezi katika zahanati, akamhamishia kwake, akawa anamwogesha, anamlisha kwa kijiko, anamgeuza kitandani. Miezi saba ikapita bila neno wala ishara. Mama alitazama dari tu, na daktari alikwisha sema kwamba huenda akili nayo imeondoka. Watu wa nyumbani wakazoea kuzungumza mbele yake kama mtu anavyozungumza mbele ya kabati.

Jumanne moja akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito. Wakamkalisha mama kitini. Mgeni akaweka mezani vibao tisa vya mbao vilivyoandikwa moja hadi tisa, na ubao wenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu.

"Mama, mkono wa kushoto. Shika, weka. Popote tu." Akamgeukia binti akicheka. "Kwa kweli hili ni fumbo. Kila mstari, uliolala, uliosimama na wa mshazari, ujumlishe kumi na tano. Mimi lilinishinda wiki nzima."

Mama alivitazama vibao kwa muda mrefu, kisha kidole kikaanza kuvisukuma. Mbili, nne, sita, nane upande huu. Moja, tatu, tano, saba, tisa upande ule.

"Maskini, anacheza kama mtoto wa chekechea," binti akasema, akanyoosha mkono amsaidie.

Mama akaupiga ule mkono kofi.

"Usimguse, dada!" Mtaalamu alikuwa ameacha kucheka. "Huo si mchezo. Anatenganisha shufwa na witiri."

Mbili ikaenda pembeni juu. Nane, pembe inayoikabili chini kwa mshazari. Nne na sita zikajaza pembe mbili zilizobaki. Tano ikakaa katikati.

"Salaale! Tazama," mtaalamu alinong'ona. "Kumi na tano ni witiri. Ili namba tatu zijumlishe witiri, ama zote tatu ni witiri, ama moja tu. Witiri ziko tano na mistari iliyolala ni mitatu, kwa hiyo mmoja lazima ujae witiri tupu, mingine ipate mojamoja. Na mistari iliyosimama hivyohivyo. Ili mishazari isiharibike, ile mistari miwili iliyojaa witiri ikutane katikati. Pembe zote ni za shufwa! Ameliona hilo kichwani."

Saba, tisa, moja, tatu. Binti akajumlisha kila upande, akarudia. Kumi na tano, kumi na tano. Akakaa sakafuni. Kilichomjia si namba. Ilikuwa Jumapili iliyopita, yeye na mumewe miguuni pa kitanda kile, wakikubaliana kugawa nguo za mama. Naye alisema kwa kinywa chake, "Huyu si mama tena. Umebaki mwili."

"Mama," akaita. "Unanisikia? Kama ndiyo, nipe shufwa. Kama sivyo, nipe witiri."

Mama akachomoa nane, akamsukumia.

"Siku zote? Hata Jumapili?"

Nne.

Binti akajifunika uso kwa khanga. Alipopata pumzi aliuliza, "Umenikasirikia?"

Mama akafikiri. Akachukua mbili, shufwa ndogo kuliko zote, akaiweka kiganjani mwa binti na kumfumba vidole.

Jioni mume aliporudi, mkewe alimsimulia mlangoni. Mume akacheka. Kisha akakatisha kicheko, maana chumba cha mama ndicho alichokuwa akijifungia kupiga simu za kumsengenya mkubwa wake wa kazi, na za kumlalamikia mama mkwe mwenyewe.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Alikwenda hadi kizingiti cha chumba cha mama, akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema hatimaye. Ilikuwa shikamoo yake ya kwanza kwa miezi saba.

Sauti haikumrudia Mama Sentimita hadi alipofariki miaka minne baadaye. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeamua jambo katika nyumba ile kabla ya kumketisha mezani na kumuuliza, na mara nyingi jibu lake lilikuwa witiri.