Baraka ya Mama Mkwe Itamlipua Mume Wangu

Mhariri ameahidi kulificha jina langu, basi nasema yote. Nina miaka ishirini na mitatu, nimeolewa Mahongole, nina mtoto mchanga, na nakaa nyumba moja na mama mkwe.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kwa Mzungu mwenye shamba la miti ya miwati karibu na Makambako. Wametengeneza pipa kubwa la chuma lenye dirisha, la kuzama nalo Ziwa Nyasa. Mvua zikikatika wanalipeleka, na atakayekaa ndani kufungua koki ya oksijeni ni mume wangu. Mwenyewe alinieleza: hewa ile imeshindiliwa mtungini kwa nguvu, koki hufunguliwa polepole, na isiguswe na mafuta hata kidogo. Mkono wenye mafuta ukiigusa, moto unaweza kulipuka bila kiberiti, na mle ndani hakuna pa kukimbilia.

Basi akaacha kujipaka mafuta. Na baridi yetu hii mnaijua! Akapauka, lawama zikaniangukia mimi. "Mke gani anamwacha mwanangu awe kama gome la muwati?" mama akauliza mbele ya wageni waliotoka kanisani. Nikaendelea kuwamiminia wageni chai huku nachemka, kumweleza siwezi. Mume kaniapisha mama asijue habari za kuzama, maana mwanawe mkubwa alikufa maji.

Mama anajua tu kwamba kuna safari. Katika ukoo wao, msafiri hupakwa na mama yake mafuta ya nyonyo mikononi, na hayaoshwi mpaka arudi. Baba mkwe alipakwa hivyo alipochukuliwa keya, jeshi la Waingereza, akarudi mzima.

Mume alipokwenda kulala shambani kulijaribu pipa bwawani, mama alimpaka. Nikamnong'oneza, "Baba Tumaini, ukifika mtoni unawe kwa sabuni." Akakubali. Kesho yake akarudi mikono bado inang'aa.

"Nilishindwa," akasema, macho chini. "Niliinama mtoni nikaona kama namkana mama. Koki alifungua Mzungu."

Ziwani Mzungu atabaki juu.

Jamani, nimebanwa! Nikisema, nimevunja kiapo, na mama akianguka kwa mshtuko sijui kama ataamka tena. Nikinyamaza, namzika mume. Jana mama alikuwa uani na mbegu za nyonyo alizozianika, anaimba. Akaniita kwa upole ambao sijauona siku nyingi: "Njoo tutwange, mwanangu. Safari hii nataka nimpake mpaka viwikoni."

Nikaushika mchi, nikatwanga. Nishaurini wenzangu, nifanye nini?