Muuza Magauni

Mwenzangu wa upande wa magauni hatulii. Mimi nauza mikoba na meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo namwona kutwa: anavuta mkanda, anakunja mikono ya shati, anaikunjua tena, anajitazama, anaguna. Wiki hii suruali pana ndizo zinazotamba, naye yumo ndani ya suruali pana. Zikipitwa na wakati, atazivua kana kwamba zimemuuma. Hereni za kabla ya chai sizo za baada ya chai. Mteja akimwambia, "Dada, umependeza," yeye hujibu upesi, "Bado, bado," huku kidole kinatafuta uzi uliochomoza.

Jana aliingia dukani mama mmoja, akaenda moja kwa moja kwake. "Samahani, dada. Namtafuta binti yangu, anafanya kazi hapa."

Mwenzangu alikuwa na nywele mpya za rangi ya shaba, na miwani ya jua iliyofunika nusu ya uso. Akaivua ile miwani. "Mama, ni mimi."

Mama alimtazama toka juu mpaka chini, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, nikikupoteza kwenye watu nitakutafuta kwa alama gani?"

"Kwa sauti, mama. Sauti sijabadilisha."

Mama akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akaichukua miwani, akaivaa, akageuza shingo kushoto na kulia mbele ya kioo, akaniuliza mimi kama tunayo yenye fremu nyekundu.