Mabasi Yote Yalishusha Askari, Wangu Hakuwemo

Siku kikosi cha mume wangu kiliporudi kutoka ng'ambo, nilisimama kwenye geti la kambi, mtoto mgongoni, nywele mpya kichwani.

Yakaingia mabasi manne. Askari wakashuka wote.

Mume wangu hakuwemo.

Na hakuwa amekufa. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amepotea. Asubuhi ile ile alikuwa amenitumia ujumbe: "Umeamkaje Mama Kidoti? Huku joto si la kawaida."

Kaa vizuri nikusimulie.

Mimi ni dobi. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, upande wa pasi. Kutwa nzima ni mimi, mvuke na mashuka meupe. Ukiiona mikono yangu utadhani nauza mkaa, alama za moto mpaka kwenye kiwiko.

Mume wangu ni askari, dereva wa malori ya jeshi. Mtaani wanamwita Komando. Ni utani tu, maana bwana yule hata sindano anaiogopa. Siku najifungua, alizimia yeye. Wauguzi wakaniacha mimi na uchungu wangu, wakakimbilia kumpepea yeye.

Tulicheka mwaka mzima.

Binti yetu, Kidoti, alikuwa na miezi minne kikosi kilipopelekwa ng'ambo kulinda amani. Mwaka na nusu, wakasema. Nikahesabu kwa vidole, nikaona nitaweza.

Mwezi wa tano tangu Komando aondoke, mama yake akapata kiharusi.

Upande wa kulia wote ukalala. Mkono, mguu, nusu ya mdomo, na maneno yakabaki vipande. Akaletwa kwangu, kwa sababu wifi yangu, dada yake Komando, alisema kwake kuna ngazi.

Ngazi tatu, jamani. Nimezipanda mwenyewe.

Basi nikaanza. Kumgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Kumwogesha. Kumlisha uji kwa kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo, taratibu, asije akapaliwa. Kubadilisha shuka. Kisha nawaacha mgonjwa na mtoto kwa jirani yangu mshonaji, nakimbilia kazini, kwenye mashuka mengine.

Sikulalamika. Nilijua mwenzangu naye yuko vitani, anakula wali huu huu wa shida, siku moja tutakaa tuhadithiane.

Komando alipiga simu kila Jumamosi. Nikimuuliza habari za likizo anavuta pumzi.

"Likizo zimefutwa, mke wangu. Amri ni amri."

Mwaka na nusu ulipokaribia kuisha, akapiga tena.

"Jeshi limetuongezea mwaka mmoja. Kikosi kizima. Amri ni amri."

Nililia mpaka Kidoti akaja kunifuta uso kwa nepi yake.

Lakini nilimtetea. Fundi viatu wa pale kona aliwahi kuniuliza, "Huyo Komando anarudi, au ameoa huko?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwacha nyundo iko hewani.

Wifi naye alikuwa akija kila Ijumaa na mfuko wa machungwa. Anakaa pembeni ya kitanda dakika kumi, anafuta machozi. "Wifi yangu, Mungu akuzidishie. Jeshi halina huruma."

Nikamwona ni mtu.

Sasa, Jumanne moja tupo kazini, dada tunayekunja naye mashuka akaniambia, "Hongera! Naona wenzetu wanarudi keshokutwa."

"Wenzetu gani?"

"Si kaka yangu yuko kikosi kimoja na mumeo? Wanaingia Alhamisi saa nne asubuhi."

Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria Komando anataka kunishtukiza! Ametunga uongo wa mwaka mmoja ili atokee mlangoni ghafla, nipige kelele.

Nikasema ngoja, mimi ndiye nitakayemshtukiza yeye.

Nikasuka. Nikamshonea Kidoti gauni la njano kutoka kwenye kipande cha pazia. Nikamwogesha Mama mkwe, nikampaka mafuta, nikamwambia, "Mama, leo mwanao anarudi."

Akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikadhani ni furaha.

Basi ndiyo hayo mabasi manne.

Basi la nne lilipobaki tupu, nikamwona sajini mmoja aliyekuwa mshenga wetu. Nikamfuata. Aliponiona, tabasamu likamkauka.

"Shemeji. Umekuja kumpokea nani?"

"Shemeji na wewe! Nampokea nani tena? Yuko wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Hakukwambia?"

"Aniambie nini? Si mmeongezewa mwaka kikosi kizima?"

"Hakuna aliyeongezewa, Shemeji. Anayetaka kubaki anaomba mwenyewe. Yeye aliomba."

"Na likizo? Si zilifutwa?"

"Likizo mbili zote aliwaachia wenzake. Tulidhani mmekubaliana." Akashusha sauti. "Halafu huwezi kuongezewa muda mpaka mke asaini fomu. Wewe si ulisaini?"

Nikamwacha amesimama pale.

Pale pale kambini kuna ofisi ya kushughulikia familia za askari. Nilikuta mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Hakunisumbua. Akavuta faili, akaligeuza nione.

"Mimi, mke wa mwombaji, nimeridhia kwa hiari yangu mwenyewe."

Chini yake jina langu kamili, na sahihi.

"Mama, hii si sahihi yangu."

Akavua miwani. "Fomu hii mumeo aliituma kutoka huko, dada yake ndiye aliyeileta hapa. Alisema unauguza, huwezi kutoka nyumbani."

Wifi. Wifi wa machungwa.

Lakini kilichonimaliza si sahihi. Ni mstari wa juu yake, kwa mwandiko wa Komando mwenyewe. Fomu imeuliza: "Je, nyumbani kuna mgonjwa anayehitaji uangalizi wako?"

Amejibu: "Hapana."

Mama mzima, aliyemzaa, ninayemwinua kila asubuhi mpaka kiuno kinalia, amefutwa kwa neno moja.

Nikakaa kwenye benchi la nje, nikapiga simu. Akapokea kwa uchangamfu, "Mama Kidoti!"

"Nipo kambini. Nimeona fomu."

Nikasikia lori linanguruma kule aliko.

"Kuna mwanamke?" nikamuuliza.

"Hapana! Haki ya nani, hakuna mwanamke."

"Bora angekuwepo. Ningejua nimeshindwa na nani."

Akaanza kulia, mwanamume mzima. "Siwezi kumwona Mama vile. Ulinitumia picha yake akiwa kitandani, sikulala wiki nzima. Huku risasi nimezizoea, lakini kile chumba siwezi. Wewe una moyo, mke wangu. Mimi sina."

"Huo moyo mimi niliununua duka gani? Nielekeze, na wewe ukanunue."

Nikakata simu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wifi akaja, machungwa mkononi, uso wa huruma tayari. Nikamkaribisha vizuri, akakaa pembeni ya kitanda cha mama yake. Nikamwekea mapajani nakala ya fomu niliyopewa kambini.

Aliisoma kama mtu anayesoma hukumu.

"Wifi, sikiliza..."

"Nakusikiliza."

"Ningefanyaje? Kaka alinililia. Na akirudi mngeanza mambo ya zamu, mara Mama aende huku, mara aende kule. Mimi nina mume, nina watoto, nina kazi, nina..."

"Una ngazi," nikamwambia.

Mama mkwe akatoa sauti pale kitandani. "Kaomba."

Tukageuka wote.

"Ka-o-mba," akarudia, machozi yanamtoka jicho la kushoto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Neno lile alikuwa akiniambia kwa miezi mitatu. Kila Jumamosi nikimwekea simu sikioni aongee na mwanawe, tukimaliza tu ananishika mkono: kaomba, kaomba. Mimi nilidhani anataka tuombe! Nafumba macho, namshika mikono, nasali mpaka jasho, nasema amina. Kumbe mwanamke wa watu alikuwa akinipa habari kwamba Komando kaomba kubaki. Mwanawe alimwambia sikioni, akijua yule hana mdomo wa kusimulia.

Wifi akasimama, akachukua mkoba wake.

"Kaa," nikamwambia. "Leo anayeondoka ni mimi."

Nikafunga nguo zangu na za Kidoti kwenye shuka. Nilishafika mlangoni nikasikia sketi imevutwa. Mkono wa kushoto wa Mama, ule mmoja mzima, umeng'ang'ania pindo.

"Na mimi," akasema.

Ningependa kukuambia kwamba nilimkumbatia papo hapo. Hapana. Nilisimama nikiutazama mkono ule kwa hasira. Nilitaka kuubandua kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimechoka, ndugu yangu, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Na huyu si mama yangu.

Nikamtazama binti yake. Alikuwa akitazama dirishani.

Nikaweka lile furushi chini. "Haya, Mama. Tufungashe na zako."

Tulihamia vyumba viwili nyuma ya hoteli ninayofanya kazi. Malalamiko yangu niliyaacha kwa yule mama wa miwani, akayapeleka panapohusika. Jirani mshonaji akawa anakuja kila siku kunishikia mgonjwa na mtoto kama zamani, nami nikampigia pasi nguo zake zote. Kukawa na muuguzi mmoja aliyenifundisha mazoezi ya mdomo, basi kila siku tukavimbisha mashavu, Mama na Kidoti na mimi, kama vyura watatu. Maneno yakaanza kurudi. Kwanza yalirudi ya kunigombeza. Eti uji hauna sukari.

Miezi miwili baadaye, Jumapili mchana, mlango ukagongwa.

Komando. Wamemrudisha. Amekonda, kofia mkononi, macho mekundu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mwanamume akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi. Mwanao. Nimerudi."

Mama akamtazama. Akamtazama sana, kuanzia viatu hadi kwenye nywele. Kisha akanigeukia.

"Mama Kidoti," akasema, kila neno limenyooka. "Mgeni huyo. Mpe kiti."

Komando akaangua kilio. "Amenisahau! Ugonjwa umemla akili, mama yangu amenisahau!"

Nikamletea kiti.

Sikumwambia kwamba asubuhi ya siku hiyo hiyo, Mama alikuwa amenisimulia, bila kukosea hata siku ya juma, jinsi mwanawe alivyougua surua akiwa na miaka sita, naye akakaa macho siku nne akimpepea kwa kifuniko cha sufuria.

Hajasahau kitu yule mama.

Siku hizi Komando anakuja kila Jumapili. Anakaa, anasalimia, anakunywa chai, anaaga. Mimi na yeye bado hatujajua tutafika wapi, na sina haraka ya kujua. Wiki iliyopita aliniambia tena, "Mke wangu, una moyo wa ajabu."

Nimeandika haya kwa ajili ya neno hilo. Kama kwenu kuna mtu anauguza, usimsifie moyo. Nawa mikono, uingie chumbani, umgeuze mgonjwa upande wa pili.