Kompyuta Iliyofundishwa Kudakia

Mtaani kwetu shemeji yangu anaitwa Fasta, na jina hilo hakupewa bure. Bwana huyu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Ukianza tu "Naomba uni—", yeye kashasema sawa, na kama ulikuwa unamwomba akupe shavu umzabe kofi, shauri yake. Dada yangu amekaa naye mpaka amejifunza kutanguliza neno la maana, mengine yafuate yakijaliwa.

Wana duka la kuchapa fulana na vyeti. Dada anapokea wateja na kupanga maandishi. Shemeji anasimamia kompyuta, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kuitazama.

Mwaka jana akagundua jambo lililomkera kweli kweli. Kumbe kumbukumbu ya kompyuta, ile mafundi wanayoiita ramu, ikiulizwa kitu haijibu papo hapo. Inangoja mapigo kadhaa ya saa yake ya ndani, itafute, iwe na hakika, ndipo itoe jibu. Mapigo hayo yamepangwa kiwandani, na shemeji aliyachukulia kama matusi.

"Kiwanda kizima cha waoga," alituambia, akaingia kwenye mipangilio na kupunguza pigo moja. Kompyuta ikawaka. Akapunguza jingine, ikawaka. Akapunguza tena, ikagoma, akarudisha moja, ikawaka, akajipigia makofi. Muda aliouokoa hautoshi kupepesa jicho. Muda alioutumia kuuokoa ungetosha kujenga choo.

Ipo programu ya kupima kama kumbukumbu iliyopunguzwa mapigo bado inasema kweli, na maelekezo yanataka iachwe mpaka iishe yenyewe. Shemeji huyu, aache kitu kiishe chenyewe? Aliiona imeanza vizuri, akasema imeshaeleweka, akaizima.

Basi ikaja kazi ya Tunda Jema, shule ya chekechea iliyo upande wa juu wa barabara. Mwalimu mkuu ni mama mpole, anaongea taratibu kama mtu anayepanga mayai. Alitaka fulana za mahafali, na akasema wazi kwamba zikipendeza, sare za shule zote tatu za mwenye shule zitachapwa hapo. Dada alikuwa anaitafuta kazi ya namna hiyo tangu afungue duka. Jina la shule aliliandika mwenyewe, akalisoma herufi kwa herufi, akalihifadhi, akatoka kwenda kufuata wino. Kilichobaki ni shemeji kulinakili jina kwenye fulana, kuchapa na kupeleka.

Fundi mmoja alitueleza baadaye. Ndani ya kompyuta, herufi T na P ni majirani wa ukuta mmoja, zinatofautiana kwa swichi moja ndogo tu. Kumbukumbu iliyonyimwa mapigo yake ilikuwa inajibu kabla haijapata jibu, yaani inadakia, na siku hiyo ikadakia vibaya. Shemeji naye akatupia jicho fulana ya kwanza, akaona "-NDA JEMA", akajimalizia mwenyewe. Dada aliporudi, mzigo ulikuwa umeshafika shuleni.

Siku ya mahafali watoto walipanda jukwaani na fulana nyeupe, vifuani zimeandikwa kwa herufi kubwa, safi kabisa, PUNDA JEMA. Hata ngeli ziligoma. Mtoto mmoja aliyeshajua kusoma akaanza kulia kama punda, wenzake wakamwitikia. Nilicheka mpaka nikamwona dada amejiziba mdomo, machozi yanamtoka, nikaona aibu.

Dada aliyarudisha mapigo yote ya kiwandani kwa mkono wake, akachapa fulana mpya bila malipo. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akaja dukani. Dada akamwekea kiti. Mwalimu akaketi, akavuta pumzi.

"Nimekaa na mwenye shule," alisema, "na kuhusu zile sare—"

"Tumeelewa, mwalimu," akadakia shemeji. "Kazi mnaipeleka kwingine. Hata mimi ningefanya hivyo. Nenda tu, hatuna kinyongo."

Mwalimu alimtazama yeye, kisha dada. Dada alikuwa ameinua mkono kumzuia mumewe, akachelewa.

"Nilikuja kusema makosa hutokea, kazi ibaki kwenu," alisema mwalimu, akiinuka. "Lakini mtu anayeshindwa kungoja nimalize sentensi moja, nitamwaminije na majina ya shule tatu?"

Akachukua fulana zake mpya, akaaga vizuri, akavuka barabara na kuingia duka la wachapaji wenzetu.

Safari hii dada hakulia. Alikaa kwenye kile kiti, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshaigeukia kompyuta na kulalamika kwamba siku hizi imekuwa nzito.

"Kompyuta nimeirudisha kama ilivyotoka kiwandani," dada alisema polepole. "Na wewe, mume wangu, naona nikurudishe kwa ma—"

"Sawa, hakuna shida," akadakia shemeji bila kugeuka. "Hata leo."

Dada akanitazama. Nikaenda kumsaidia kutafuta begi.