Neno Lililonyamazisha Kanyundo

Nyonga ya mama iliharibika alipomzaa mdogo wetu wa mwisho. Muuguzi wa zahanati alimwonya asibebe tena mzigo mzito kichwani, la sivyo siku moja mguu utakataa kabisa. Mama akamshukuru, kisha akamuuliza kama kesho asubuhi angekuja yeye kututekea maji. Muuguzi akacheka. Mama hakucheka.

Tulikaa Naviundu, juu ya mteremko, na mto ulikuwa chini. Bomba la mji liliishia mbali na kwetu. Mimi, binti yao mkubwa, nilifundisha shule ya msingi Ruashi, na wadogo zangu hawakuwa bado wa kubeba ndoo. Nilitoka alfajiri, na jioni niliteka ndoo nilizoweza, lakini ndoo za jioni ziliishia kwenye sufuria na kwenye kuoga. Bustani ilibaki kumngoja mama. Lengalenga, kabichi na vitunguu vyake ndivyo vilivyotulisha tangu baba alipostaafishwa kazi ya shaba, na wakati wa kiangazi mboga hazina huruma. Kila siku mama alishuka na ndoo tupu, akapanda na ndoo iliyojaa, mkono mmoja juu ya ndoo, mwingine kwenye nyonga.

Baba aliona. Nasema hivi kwa sababu wapo waliomdhania kuwa hajali. Aliona na aliumia, ila hakubeba. Ukoo wetu ulitoka kaskazini mwa Katanga ukifuata reli, na mwanaume wa kwetu angeweza kubeba chuma, mbao, hata jeneza, lakini si ndoo ya maji kichwani wakati mke wake yuko hai. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Nilimwambia mara moja tu, naye akaniangalia kana kwamba nimemwambia avae kikwembe cha mama.

Ndiyo maana mzungu alipokuja na habari za pampu, baba alikuwa wa kwanza kumletea kiti.

Alikuwa kijana mwenye ndevu, ametumwa na shirika dogo la kwao, na Kiswahili chake alikitoa kitabuni. Alisimama mbele yetu akasema, "Hamjambo, ndugu zangu! Naomba watu wote wakae." Watoto wakafa kwa kicheko, maana kwetu ni bantu, si watu, na aliyesema hivyo alionekana kama anasoma somo. Hakukasirika. Alituonyesha mashine ya chuma yenye tumbo la mviringo, akatueleza kwamba haili mafuta wala umeme. Maji ya mto yanateremka kwa nguvu ndani ya bomba, mlango wa mpira unajifunga ghafla, na maji yaliyokosa njia yanasukumwa kidogo kidogo hadi juu kilimani. Kisha mlango unafunguka na mambo yanaanza upya, usiku na mchana. Alisema hakuja kutugawia kitu. Alikuja kutafuta partenere.

Nyumbani mama akauliza, "Partenere njo nani?"

Baba, aliyekuwa na Kifaransa cha kazini, akajibu, "Ni muntu munafanya naye kazi pamoja. Faida munagabanya, na hasara munagabanya."

"Basi ni muntu wa kula naye hasara," mama akasema. "Faida kila muntu anajua kuila peke yake."

Tulicheka sana, na kwa siku nyingi baadaye mama alipotaka kumchokoza baba alimwita partenere.

Sasa lazima niseme juu ya Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Kwa asiyeijua miaka ile: kulikuwa na chama kimoja, chama ndicho kilikuwa nchi, na Jumamosi filimbi ilipita mtaani ikiita kila nyumba itoe mtu wa kufagia barabara, kufyeka majani, kuchimba mifereji. Bila malipo, tena tuliambiwa tumejitolea. Asiyetoka alitafutwa. Na kilichofanywa kwa salongo kilikuwa cha Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, na cha Leta hakikuwa na mwenyewe. Mti uliopandwa kwa salongo ulikauka watu wakiupita na ndoo za maji, na hakuna aliyeona aibu. Mimi pia niliupita.

Kwa hiyo baba, alipochaguliwa mkubwa wa kamati ya maji, aliweka sharti moja: pampu haitaguswa Jumamosi. Tutafanya Jumapili baada ya misa. Padri alinung'unika juu ya siku ya Bwana, na wanawake wakamjibu kwamba Bwana mwenyewe anajua mto uko wapi.

Jumapili hizo nazikumbuka kwa furaha ambayo bado inaniuma. Wanaume walibeba mawe ya kuzuia maji. Mwingine alileta kipande cha bomba kutoka kwenye vyuma vilivyotupwa, na hakuna aliyemuuliza mengi. Baba alikata mlango wa pampu kutoka kwenye tairi la lori, akaupunguza kwa kisu, akaujaribu, akautupa, akakata mwingine. Mama alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa ajili ya wote, akikaa juu ya kigoda na mguu ameunyoosha, akiwatania wazee wanaohema.

Siku pampu ilipoanza kupiga, tuliinama wote kuisikiliza. Tok. Kisha tena, tok. Watoto waliipa jina papo hapo, Kanyundo, na likabaki. Huko juu, penye mapipa tuliyopanga kupokea maji, bomba lilikohoa, likatema tope, kisha maji. Mama aliweka kiganja chini yake. Akanawa uso, akajaza ndoo bila kuinua chochote, akachechemea kwenda kwenye vitunguu.

Kiangazi kile hakushuka mtoni. Alianza hata kulalia ule upande mbaya. Kila asubuhi nyumba moja ilishuka kutoa majani kwenye kichujio cha mdomo wa bomba, kwa zamu, na hakuna aliyehitaji kuitwa.

Kisha mkubwa wa chama wa mtaa wetu akamwita baba.

Hakumpiga, hakumtukana. Alimkalisha, akamuuliza kwa utulivu ni nani aliyewapa ruhusa ya kukusanya watu kila Jumapili pamoja na mgeni. Mnasema nini huko mtoni? Mbona Jumamosi hamfanyi kazi hivyo? Miaka ile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Baba alirudi, akaosha mikono mbele ya bukari, lakini hakula.

"Banataka sherehe ya kufungua pampu," akasema.

"Ilishafunguka," mama akasema.

"Banataka ifunguliwe mbele yao. Na miye nitasema. Nitasema ni salongo. Nikisema vile, batatuacha."

Mama aliweka kijiko chini. "Sema ni kazi ya kanisa. Sema ni ya muzungu. Sema ni ya shetani. Lakini ile neno, hapana."

"Na bakinikamata? Utakunywa ile mayi na nani?"

Mama akavuta sahani ya baba, akaifunika. Ingawa nilimkasirikia baba sana kwa yaliyofuata, siwezi kusema aliogopa bure.

Siku ya sherehe walikuja wachezaji wa chama na ngoma zao, wakaimba sifa za kiongozi mpaka vumbi likatufunika. Mkubwa alikaa kivulini, abakosti, lile koti la chama lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni. Baba alisimama karibu na mapipa, akashukuru, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba pampu hii ni tunda la salongo ya wananchi wa Naviundu.

 Jirani yetu mmoja, aliyebeba mawe makubwa kuliko wote, alitazama viganja vyake, kisha akaviweka mfukoni. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa mzungu. Alinijia uso unang'aa. "Salongo!" aliniambia. "Neno zuri sana! Sikujua kwamba mna neno lenu wenyewe la kusaidiana." Nilitaka kumwambia. Lakini mkubwa alikuwa hatua chache nyuma yake, anatabasamu, na mzungu wa watu alishaanza kucheza na wacheza ngoma, miguu yake ikienda kila upande.

"Aksanti, Sitwayen," mkubwa alimwambia baba, yaani Raia, kama chama kilivyotaka tuitane. "Kama ni salongo, basi ni ya chama." Wiki ile ile kibao kikasimikwa, kimepakwa rangi za chama, na kijana akawekwa kukilinda. Kibao, si pampu.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeshuka kwenye kichujio. Baba alidhani zamu imesahaulika, akaenda mwenyewe. Kesho yake akaenda tena. Halafu akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kofia mkononi, na nikamfuata siku moja kwa jirani yetu wa karibu, mwanamke aliyekuwa wa kwanza mtoni kila Jumapili. Alitupa viti na maji ya kunywa.

"Papa," akasema, "si mulisema mwenyewe mbele ya bote? Ile kintu iko ya Leta sasa. Leta itatengeneza."

Hakusema kwa ubaya. Kama angetutukana ningejua la kujibu.

Jumamosi filimbi ikaita salongo ya pampu. Watu walikuja, kila nyumba mtu mmoja, wakafyeka majani kuzunguka kibao na kupaka chokaa kwenye mawe yote. Mawe yaling'aa kama meno. Kichujio hakikuguswa, kwa kuwa mkubwa hakukitaja, naye hakukitaja kwa kuwa hakujua kipo. Watu wale wale waliokuwa wakikisafisha gizani kabla ya kazi walisimama karibu nacho, wakiegemea majembe, wakingoja filimbi ya kwenda nyumbani.

Mvua ilipokuja na majani na tope, Kanyundo alianza kupiga kwa kusitasita. Halafu mpira ukapasuka, akanyamaza. Baba akakata mwingine siku ile ile. Aliposhuka nao, yule kijana wa kulinda kibao akamzuia: kitu cha Leta hakiguswi bila ruhusa. Baba akaenda kwa mkubwa, na mkubwa akasema ruhusa hiyo haiko mikononi mwake, iko mjini, angoje. Baba akangoja. Mpira ulikaa juu ya kabati letu, karibu na picha ya Bikira Maria, hadi ukashika vumbi.

Mzungu alikuja mara moja zaidi kabla ya kurudi kwao. Aliikagua pampu, akapanda kwetu amechanganyikiwa. "Mashine ni nzima," alisema. "Inataka mpira mdogo tu. Tatizo ni nini?"

"Iko nzima," mama akamjibu. "Haina mwenyewe, basi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Naamini huko kwao alisimulia mazuri juu yetu, na juu ya salongo yetu.

Kiangazi kikarudi, na mama akaitoa ndoo yake nyuma ya nyumba. Nilimkataza. Baba alimkataza. Aliuliza ni nani basi atakayenywesha bustani, akaanza kushuka. Mimi nilichukua ndoo zangu za jioni, nyingi kuliko zamani, na hazikutosha. Siku moja niliporudi kutoka shuleni nilimkuta katikati ya mteremko, amekaa chini, ndoo imemwagika, mguu umekataa. Hakulia. Aliniambia niangalie kwanza kama ndoo imepasuka. Tulimpandisha mimi na yule mwanamke jirani, na baba alikuwa amesimama juu karibu na mapipa matupu, akituona tukija.  Muuguzi alikuja, akarudia maneno yake, na safari hii hakucheka.

Jumamosi filimbi ikalia. Mtaa mzima ulikuwa barabarani na majembe, nami nikiwa kati yao kwa niaba ya nyumba yetu, baba alipotoka na ndoo ya mama. Alipita katikati yetu akashuka mtoni. Alipopanda, ndoo ilikuwa kichwani.

Hakujua kubeba. Hakuweka kata ya kitambaa chini yake, aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo, na maji yakammwagikia shingoni na kwenye shati. Majembe yalisimama. Kijana mmoja akacheka, na mama yake akampiga kofi. Nilitaka kukimbia nikaipokee ile ndoo, nikabaki nimeshika jembe.

Mkubwa akamzuia njiani. "Sitwayen, leo ni salongo. Unaenda wapi?"

"Ku nyumba."

"Na salongo?"

"Yangu nilishamaliza," baba akasema. "Ile siku nilisema mbele yenu." Akampita.

Sijui kwa nini walimwacha. Labda mzee aliyelowa na ndoo kichwani hakuonekana kuwa hatari kwa chama. Nilitupa jembe nikamfuata hadi nyumbani.

Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mguu ameunyoosha. Alimwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vilivyojaa maji. Nusu ya ndoo ilikuwa imebaki njiani. Baba alisimama mbele yake akihema, hajui aishushe vipi.

"Weka pale, partenere," mama akasema. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kukizungusha mkononi. "Kisha kuya nikufungie kata. Bustani ingali kavu."